Grisi ya Wajerumani, dagaa wa bibi

Kama umekulia Kirando, au Kipili, au Ikola, au kijiji chochote cha mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wetu wa Tanzania, basi kuna sauti moja huhitaji mtu akueleze ni ya nini. Inakuja usiku, mara nyingi usiku mkubwa, inatoka mbali majini kabla hata hujaona taa. Honi ya Liemba. Mbwa wanaanza, halafu milango inafunguliwa nyumba hadi nyumba, watu wanaitana majina, na bibi yangu alikuwa tayari keshakaa kitandani anafunga kanga kichwani, maana yeye alikuwa halali kabisa siku ya meli, anajifanya kulala tu.

Nimeandika kuhusu vitu vingi hapa lakini hii meli nimekuwa naiahirisha, sababu ukisema Liemba watu wanakurudisha kwenye stori moja tu. Vita. Wajerumani, Waingereza, Wabelgiji, mizinga, meli kuzamishwa, meli kuibuliwa. Watalii wanakuja Kigoma na kamera kwa ajili ya hiyo stori. Mi sikatai, ni stori kubwa kweli na nitaigusa, lakini hiyo vita ilikula mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi wa maisha ya hii meli. Kazi ilikula miaka zaidi ya 80. Hakuna mtu anaandika miaka 80 ya magunia. Nataka niandike mimi.

Ila lazima tuanzie kwa Wajerumani.

Meli ilitengenezwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer, mji unaitwa Papenburg, kaskazini ya Ujerumani. Wakaiunganisha kule, wakaona imekaa sawa, halafu wakaifungua yote kipande kwa kipande, wakaipaki kwenye makasha 5,000 hivi na kuyapakia melini Hamburg mpaka Dar es Salaam. Toka Dar ikapanda treni. Ile reli ya kati tunayoijua ilifika Kigoma mwaka 1914 mwanzoni, yaani reli na meli zilipangwa pamoja, moja imeletwa kwa ajili ya mwenzake: mzigo ukifika mwisho wa reli, maji yaendelee nao. Karakana ilituma mafundi watatu wa kuja kuiunganisha upya, majina yao yapo kwenye historia, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Vibarua wa hapa kwetu waliobeba yale makasha, walioshika vyuma vya moto wakati ribiti zinagongwa, zile pini nene za chuma zinazoshikisha mabati ya meli, hao majina hayapo. Kila nikisoma kuhusu hii meli nafika hapo nakwama kidogo. Mtu aliyekuja miaka miwili mitatu tunamjua mpaka jina la baba, na mtu aliyeshika upande wa pili wa chuma hicho hicho hatumjui hata kabila.

Mwezi wa pili 1915 ikashushwa majini, mwezi wa sita ikaanza kazi, kwa jina la Graf von Götzen. Jina hilo watu wanalipita haraka kama jina tu la Kijerumani, lakini ngoja nikwambie huyu mtu ni nani. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni hili kuanzia 1901 mpaka 1906, maana yake ndo alikuwa gavana wakati Maji Maji inaanza mwaka 1905. Majeshi yaliyochoma mashamba na maghala kule kusini, mpaka watu maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa, yalikuwa chini yake. Kwa hiyo meli kubwa kuliko zote kwenye ziwa letu ilianza maisha na jina la mtu wa njaa. Miaka mingi baadaye meli hiyo hiyo ilikuwa inabeba mahindi na unga wa mihogo. Mimi hilo nimelifikiria sana.

Vita yenyewe nitaipita mbio. Wajerumani walichukua mzinga mmoja kutoka manowari yao Königsberg, ile iliyokwama na kumalizwa kwenye delta ya Rufiji mwezi wa saba 1915, wakaufunga kwenye Götzen, wakawa wanatawala ziwa lote. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo za injini, moja inaitwa "Mimi" na nyingine "Toutou", zilivutwa nchi kavu kupitia misitu ya Kongo mpaka ziwani, na hizo boti zikawapokonya Wajerumani meli ndogo ya kwanza Desemba 1915, wakazamisha ya pili Februari 1916. Götzen hawakuigusa. Wabelgiji wakaja na ndege za maji kupiga Kigoma, reli ikaanza kukatwa huko nyuma, na Wajerumani wakaona hapa hapakaliki.

Sasa hapa ndo pananivutia. Tarehe 26 mwezi wa saba 1916, siku mbili tu kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma, wakaamua kuizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Kazi hiyo wakapewa wale wale mafundi watatu walioijenga. Mtu mwingine angeweka baruti akaondoka zake. Hawa hawakufanya hivyo. Walichukua grisi, wakaipaka injini yote, kila kiungo, nene kabisa, ndo wakajaza mchanga na kuishusha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, sehemu ambayo sio kina kirefu. Na ziwa hili unajua lina kina gani, mita 1,470 pale penye shimo lenyewe, la pili duniani, wangetaka ipotee milele wangesogea nayo kidogo tu mbele. Walikuwa wanaihifadhi. Walikuwa na uhakika watashinda vita huko kwao, watarudi, wataiinua, wataifuta grisi, safari inaendelea.

Hawakurudi. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena kwa dhoruba pale pale Kigoma mwaka 1920. Waingereza walipopewa Tanganyika wakaiibua tena mwaka 1924, wakafungua chumba cha injini, wakakuta grisi imefanya kazi yake, injini na boila vipo hali nzuri kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Wakaifanyia matengenezo na tarehe 16 mwezi wa tano 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Hilo jina ni la wenyeji wa kusini mwa ziwa, ndivyo walivyoliita ziwa lenyewe, na Livingstone alipofika kule mwaka 1867 aliliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake. Wa kwetu ufipani wanalielewa bila kamusi, ni ziwa tu. Meli inaitwa Ziwa. Jina la gavana likafutwa na hakuna aliyelikumbuka tena, bibi yangu nilimtajia siku moja akaniuliza huyo ni nani.

Kwa hiyo wale mafundi watatu, walipokuwa wanapaka grisi usiku na mchana na maadui wako nyuma ya mlima, walikuwa wanaipakia nani? Wao walidhani wanaipakia Ujerumani. Kumbe walikuwa wanampakia bibi yangu na dagaa zake.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye Liemba. Sio nahodha, sio sarangi yule mkuu wa mabaharia, alikuwa chini kule, mtu wa boila, miaka ile ya mwisho ya mvuke kabla hawajaitoa. Namkumbuka mikono. Kuanzia kwenye kiwiko kushuka ilikuwa na mabaka mabaka meupe ya kuungua, madogo, mengi, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havinyooki vizuri, na alikuwa anashika kikombe cha chai ya moto bila kitambaa wakati sisi wajukuu tunakipuliza mezani kwa mbali. Nilikuwa nampenda sana kwa hilo la kikombe.

Alikuwa anatueleza injini ya mvuke kwa kutumia sufuria ya bibi. Anasema ukiwasha moto chini ya sufuria na mfuniko ukaruka, mfuniko ule umebebwa na nini? Mvuke. Sasa ufunge mfuniko usiruke, mvuke uutafutie njia moja tu ya kutokea, uwekee chuma njiani, hicho chuma kitasukumwa. Ndo pistoni. Pistoni inakwenda mbele na kurudi, mkono wake unazungusha shafti, shafti inatoka nje ya meli kwa nyuma, kule kuna propela. Na meli hii ilikuwa na propela mbili, injini mbili. Alipenda sana kusema kwamba mvuke haupotei bure, ukishasukuma silinda ndogo unapelekwa kwenye kubwa unasukuma tena, kwa sababu hata ukipungua nguvu bado una kitu, halafu ukichoka kabisa unapozwa unarudi kuwa maji na maji yanarudi kwenye boila. Akifika hapo alikuwa ananyamaza kidogo anatuangalia kama tumeelewa. Hakuna kitu kinatupwa, anasema. Tulikuwa tunamwambia ndio babu, hata kama hatujaelewa.

Kitu kingine alichokuwa anasema ni kwamba boila haimuonei mtu haya. Ukisinzia inakuonesha. Kazi yake yeye ilikuwa kuangalia maji na kuangalia presha, maji yakishuka sana chuma kinaungua na mnaweza kufa wote, presha ikishuka meli inapoteza mwendo na kepteni anapiga kengele juu huko anauliza kulikoni. Kuna kioo cha bomba kinaonesha maji yamefika wapi, babu alikuwa anasema alikiangalia kile kioo kuliko alivyomuangalia mke wake, na bibi akisikia alikuwa anajibu, na ni kweli. Joto la chumba kile hakuweza kulieleza. Alikuwa anasema tu kwamba wakifika gati anapanda juu, na jua la saa saba mchana Kigoma, lile jua letu, yeye anahisi baridi.

Miaka ya 1970 wakaitoa mvuke wakaweka injini za dizeli. Halafu mwaka 1993 zikabadilishwa tena kwa msaada wa Denmark, vyumba vikapangwa upya, ikawa inachukua abiria 600 hivi. Kwa hiyo mimi niliyepanda ni Liemba ya dizeli, mvuke sijauona kwa macho, nimeuona kwenye sufuria tu. Babu hakulalamika dizeli ilipoingia. Alisema vijana wa sasa hawataungua mikono. Lakini wajomba zangu wanasema siku ya kwanza meli ilipopita Kirando na injini mpya yeye alikaa nje mpaka ikapotea, akasema inalia kama lori.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, vile ilivyokuwa kwa macho yangu.

Ratiba ninayoikumbuka mimi: Jumatano jioni inatoka Kigoma, inashuka mwambao mzima inasimama kila kijiji, Ijumaa asubuhi ipo Mpulungu, Zambia. Inageuza siku hiyo hiyo, Jumapili iko Kigoma. Hiyo ndo ratiba ya kwenye karatasi. Ukiongeza upepo, mzigo mwingi Kasanga, boti zilizochelewa kutoka ufukweni, basi ratiba inakuwa ni kusikiliza honi. Na kitu ambacho wageni hawakijui ni kwamba hivi vijiji karibu vyote havikuwa na gati. Kigoma ipo, Kasanga ipo, Mpulungu ipo, hapo katikati ni maji tu. Meli inasimama mbali kidogo na nchi kavu, inapiga honi, na kijiji kinaifuata na mitumbwi na maboti.

Nilikuwa na miaka tisa mara ya kwanza. Bibi alikuwa anakwenda Kigoma kuuza dagaa na akaamua kunichukua kwa sababu nilikuwa na mdomo wa kuhesabu hela, yeye shule hakusoma. Dagaa zetu pale Kirando zinavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, kwa sababu dagaa wanafuata taa ya karabai na mwezi ukiwaka hawaifuati. Zinaanikwa kwenye mchanga, jua moja likiwa kali zinatosha, zinajipindapinda, zinang'aa kama bati jipya. Bibi alikuwa anazinunua kwa wavuvi, anazianika, anazikagua yeye mwenyewe zile zenye mchanga anatoa, anajaza magunia. Safari hiyo alikuwa na magunia sita. Mawili hela yake, manne mkopo.

Honi ikalia kama saa nane usiku. Tukaingia kwenye boti na watu wengine kama ishirini, magunia, kuku, jamaa mmoja na godoro, mama mmoja amebeba mtoto mchanga mgongoni na mwingine mkononi. Giza, lakini ile meli ukiikaribia ni taa tupu, ni kama mtaa wa mjini umekuja wenyewe majini. Na ni ndefu, mita 71, ukiwa chini kwenye boti huoni mwisho wake upande wowote, unaona ukuta wa chuma na ribiti zimepangwa mistari, na mlango mmoja ubavuni uko wazi, ndani kuna mwanga wa njano na mikono.

Hiyo mikono ndo naikumbuka kuliko chochote. Maboti yamefika kumi kwa mpigo, yote yanataka mlango mmoja, yanagongana, watu wanapiga kelele, wa kushuka wanataka washuke kwanza na wa kupanda wanataka wapande kwanza, mawimbi yanainua boti mpaka unaona sakafu ya meli halafu yanakushusha unaona chuma tu. Mabaharia wamesimama mlangoni wameinama nusu mwili nje. Wanangoja boti ipande. Ikipanda tu, wanashika. Mtoto mchanga alipita juu ya vichwa vyetu, mikono minne mitano, akaingia ndani bila kuamka. Mi nilishikwa mkono mmoja tu nikarushwa kama gunia, na kweli nilitua juu ya gunia. Yule baharia hata hakuniangalia, alikuwa keshageuka kumshika mwingine.

Magunia matano ya bibi yakapanda. La sita, boti likateleza, upande mmoja ukasogea, watu wawili waliokuwa wamelishika wakaliachia kwa sababu ama waliachie ama waende nalo. Nililiona. Dagaa kavu ni nyepesi, kwa hiyo halikuzama pale pale, lilikaa juu ya maji kati ya boti na meli kama linafikiria, halafu likabanwa, likapasuka, na dagaa zikatapakaa kwenye ule mwanga wa taa, nyingi, zinang'aa, kama zimerudiwa na uhai. Bibi alikuwa bado yuko chini kwenye boti. Hakupiga kelele. Alisema, "Ziwa limechukua chake," akanyoosha mkono, akavutwa juu. Tulipofika ndani akahesabu yaliyobaki, akaniambia nimtolee hesabu ya mkopo upya. Alimaliza kulipa lile gunia baada ya safari tatu.

Daraja la tatu ni chini huko, mabenchi, na joto, na harufu ya mawese na samaki na dizeli na watu. Wenye uwezo wana kabini juu. Bibi hakuwahi kulala kabini maisha yake yote, na hata angepewa bure nadhani angekataa, maana mzigo haulali kabini. Tulilala deki ya mbele karibu na hachi, ule mlango wa kushushia mzigo ndani ya meli, juu ya magunia yetu. Winchi inafanya kazi usiku kucha, kila kijiji wavu unashuka unapanda: mpunga, migebuka iliyokaushwa, matenga ya nyanya, baiskeli, mabati, mara moja niliona jeneza, tupu, linapelekwa mahali ambapo kuna mtu analisubiri. Likawekwa taratibu kuliko vitu vyote. Watu wa winchi hawakuambiwa, walifanya hivyo wenyewe.

Kigoma bandari na stesheni ziko karibu karibu, Mjerumani alipanga hivyo, kwa hiyo dagaa za bibi zilikuwa zinatoka kwenye meli zinakutana na wafanyabiashara wanaopandisha treni kwenda Tabora, Dodoma, Dar. Huko Dar zinaitwa dagaa wa Kigoma. Za Kirando hizo! Na sisi tunarudi na chumvi ya Uvinza, mawese, sabuni, vitenge vilivyovuka toka Kongo. Ada yangu ya shule ilipita kwenye ule mlango wa ubavuni, mara ngapi sijui. Hakuna barabara iliyofanya hiyo kazi. Miaka hiyo toka Kirando kwenda mjini kwa gari ilikuwa ni kumkabidhi Mungu, masika ndo usiseme. Mjamzito akizidiwa, mwalimu mpya akipangiwa kituo, madawati ya shule, dawa za zahanati, karatasi za mtihani, vyote vilikuwa vinasubiri honi.

Kuna kazi nyingine mbili lazima nizitaje, ingawa mimi sikuwepo.

Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, wakimbizi wa Kongo waliokuwa Kigoma walianza kurudishwa kwao, na shirika la wakimbizi la umoja wa mataifa likaitumia Liemba pamoja na meli nyingine, Mwongozo. Miezi mitano, Liemba peke yake safari 22 Kigoma na Uvira. Watu zaidi ya 75,000 walivushwa kwenye hiyo kazi. Halafu mwaka 2015 Burundi ikachafuka, na watu zaidi ya 50,000 wakakusanyika Kagunga, kijiji chetu cha mwisho kabisa kule kaskazini, ufukwe mwembamba, nyuma ni mlima umesimama wima, hakuna barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Njia ilikuwa ni moja, maji, na meli ilikuwa ni moja. Wakawa wanapakiwa kwenye maboti toka ufukweni mpaka ubavuni mwa Liemba, wanavutwa mlangoni, mia sita hivi kila safari, mpaka Kigoma uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Ilikuwa na miaka 100 toka ianze kazi. Niliona picha moja ya siku hizo, mtoto anapitishwa kwa mikono toka kwenye boti. Nilijua kabisa hiyo mikono inafanyaje, inangoja wimbi lipande.

Halafu ikachoka. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ikasimama, ikafungwa pale Kigoma, na mwambao ukabaki na maboti ya mbao. Hapa naomba niseme nilichonacho moyoni. Boti la mbao lililojaa watu kwenye Tanganyika mwezi wa saba, upepo wa kusini ukiwa umeamka, sio usafiri, ni bahati. Tuna watu tumewazika kwa sababu ya hiyo bahati kukosekana, na wengine hatukuwazika maana hawakuonekana. Mwaka 2023 serikali ilisaini mkataba wa kuikarabati, na mi kama mtu wa mwambao nilifurahi kuliko nilivyofurahia jambo lolote la serikali kwa muda mrefu. Kuna watu wanataka iwe makumbusho, ikae pale watu walipe kiingilio, wasome kibao. Nawaheshimu lakini nawakatalia. Makumbusho ya nini wakati mwili wake bado ni mzima? Karema sasa imejengwa bandari, lami imefika sehemu ambazo babu asingeamini, sawa, lakini Sibwesa na Wampembe na Kala bado mwanamke ana magunia na anataka kufika sokoni. Hiyo meli ilishawahi kukaa chini ya maji miaka ikatoka ikafanya kazi. Ikarabatiwe ifanye kazi.

Mwaka 2019 nilikuwa Kigoma kwa mambo ya familia nikaenda kuiangalia. Ilikuwa imefungwa kamba, kimya, rangi imebanduka kwenye mistari ya maji. Nikaomba nisogee, nikaruhusiwa dakika chache. Nikaweka mkono kwenye ubavu karibu na ule mlango. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua na ribiti zinasikika moja moja chini ya kiganja, nyingine zimelika zimekuwa bapa, nyingine bado ni duara kabisa kama zimegongwa jana. Kila moja ilishikwa na mtu pande mbili.

Jioni nikampigia bibi Kirando. Alikuwa amezeeka sana, simu lazima mtu amshikie sikioni. Nikamwamkia, nikamwambia bibi leo nimeiona Liemba. Akanyamaza nikadhani mtandao umekata.

"Honi yake bado ipo?"

Nikamwambia ipo, nimeiona, juu pale karibu na bomba la moshi.

"Haya," akasema. "Na dagaa hapo Kigoma wanauza bei gani?"